Mgagani Uliochanua

Waliuleta Jumanne, umefungwa kwa gazeti,
mchoro wa mwaka elfu moja mia nane arubaini na saba.
Hoteli ya Milimani inataka fremu mpya, ya dhahabu,
ya ukuta wa chumba cha kulia.
Fremu ya zamani mchwa walikuwa wameila hadi pembeni;
niliivunja kwa mikono mitupu.

Nikauweka mezani chini ya taa,
kati ya picha za mahafali
na picha ya marehemu itakayosafiri Seme Ijumaa.
Nikacheka peke yangu.
Nilidhani nitaona waridi.
Kumbe ni dek.
Dek, mgagani, mboga ya juzi usiku,
umesimama wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho:
mzizi na nywele zake zote,
jani la vidole vitano limekunjuliwa
kama kiganja mbele ya mpiga ramli,
na juu, ua, jeupe lililoona haya kidogo,
nyuzi zake za zambarau zimechomoza mbali
kana kwamba zina swali.
Kando, ganda limepasuliwa kwa wembe,
mbegu tatu nyeusi zimetolewa nje, zikahesabiwa.

Chini, kwa herufi za sisimizi: jina la Kilatini,
jina la aliyechora, jina la aliyechonga bamba.
Aliyetia rangi hakutajwa.
Lakini nilimwona. Kwenye jani la tatu
mkono wake uliteleza, kijani kikavuka mstari
upana wa uzi.
Labda jua lilikuwa linakuchwa.
Labda hilo lilikuwa jani lake la mia nne siku hiyo,
na njaa.

Saa nane mama akapita kutoka Kibuye,
Dorsila Akeyo, beseni kichwani, mafungu sita hayajauzwa.
Hakunisalimu. "Nani huyu
ameacha dek ichanue?"
Ni mchoro, mama. Una thamani.
"Thamani gani? Ua likitoka, mboga imekwisha.
Mimi hizi nazidonoa kwa kucha kila alfajiri,
tuk, tuk,
kabla hazijapata kusema jina lao."
Akanyamaza. Akatua beseni.
"Mmoja tu namwacha, kule nyuma ya choo,
wa mbegu.
Na huyo simtazami. Namngoja akauke."

Akainama mpaka pumzi yake ikatikisa karatasi.
Aliunusa. "Hainuki dek," akasema,
kama mtu aliyepunjwa chenji.
Kisha akaliona tundu:
jani la chini kabisa, mdudu alipokula,
mchoraji kalichora nalo, na ukingo wake wa kahawia,
hakulifumba, hakuchagua jani jingine.
"Hili mteja wangu angenirudishia,"
akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.
"Huyu hakudanganya."

Nilikuwa nimegeuka kutafuta almasi ya kukatia kioo.
Nilipogeuka tena, kidole gumba na cha shahada
vilikuwa vimeshalifikia ua, vikilibana shingoni,
kwa mazoea tu, miaka hamsini ya mazoea.
Mama! Akashtuka, akajishika kwenye pambizo,
akaondoka na beseni lake akinung'unika kuhusu watu
wanaolipa pesa kutundika mboga
ambayo jikoni mwao wataipika bila maziwa,
na bila kuilaza usiku mmoja.

Akaacha alama. Gumba zima, la kijani,
mistari yake yote, na kovu la jembe katikati.

Nina kifutio kizuri, cha mkate mkavu,
kinachotoa hata nukta ya nzi.
Nilikishika muda mrefu.
Kisha nikapima kadibodi nyeupe ya kuzungushia,
nikaikata kwa upana uliozidi kidogo,
nusu inchi tu upande ule,
nikafunika, nikaweka kioo, nikapiga misumari.

Jumatatu nilipeleka. Walisaini daftari.
Meneja akasema ua limependeza,
akauliza kama linaota huku kwetu.
Nikamwambia likiachwa, huota.
Akanilipa kwa simu, ikapungua shilingi mia;
sikuzidai.